Grausi wa milimani, bata wa matopeni: msimu wa bunduki nchini Uingereza

Tarehe 12 Agosti si sikukuu ya taifa nchini Uingereza, wala ofisi hazifungwi kwa ajili yake. Hata hivyo, katika milima ya Scotland na kaskazini mwa England ni siku inayosubiriwa na baadhi kwa hamu, na wengine kwa hasira. Ndiyo siku ambayo sheria hufungua msimu wa kuwinda grausi, ndege wa jamii ya kwale ambaye asili yake ni Uingereza na Ireland peke yake. Wawindaji wameipa jina la Kumi na Mbili Tukufu.

Wiki tatu baadaye, tarehe 1 Septemba, majira ya mapukutiko yanapoanza, hufunguliwa msimu wa pili: ule wa bata wa mwituni na bata bukini, katika maziwa, mabwawa na fukwe zenye matope.

Aliye mbali anaweza kudhani kwamba huu ni mchezo mmoja wenye sehemu mbili. Sivyo. Grausi ni mkazi: huzaliwa, huishi na kufa ndani ya kilomita chache za nyika, na nyika hiyo ina mwenyewe. Bata ni msafiri: anayeonekana leo nchini Uingereza huenda alianguliwa Iceland au Urusi, na jamaa zake wengine wako njiani kwenda Afrika Mashariki. Kutokana na tofauti hiyo, uwindaji wa grausi umekuwa suala la ardhi, fedha na siasa za nchi moja, ilhali uwindaji wa bata umehitaji mikataba baina ya mataifa.

Ndege asiyehama

Grausi ni ndege mnene, mwenye uzito wa gramu 600 hadi 700 hivi, rangi ya hudhurungi kama chungu kilichochomwa, na alama nyekundu juu ya jicho. Miguu yake imefunikwa manyoya hadi vidoleni, na ndiyo sababu wanasayansi waliuita ukoo wake Lagopus, neno la Kigiriki lenye maana ya mguu wa sungura. Jamaa zake wa Scandinavia na Urusi hugeuka weupe theluji inapoanguka. Grausi habadiliki.

Chakula chake kikuu ni vichipukizi vya mmea mfupi ujulikanao kama heza. Aliyepanda Kilimanjaro au Mlima Kenya amekwisha kuona jamaa za mmea huo, vile vichaka vigumu vya majani madogo vinavyoanza pale msitu unapokwisha. Huko Scotland heza hufika magotini tu, na mwezi wa Agosti hutoa maua ya zambarau yanayofunika milima mizima.

Grausi hafugiki kama wanavyofugwa ndege wengine wa kuwindwa. Fezanti, ndege mwenye asili ya Asia, huanguliwa kwa mashine, hulelewa bandani, kisha huachiliwa mashambani kwa mamilioni kila mwaka ili wapigwe risasi. Kwa grausi njia hiyo haifai. Mwenye nyika hawezi kununua ndege. Hana budi kuitengeneza nyika yenyewe ili ndege wazaliane kwa hiari yao. Ugomvi wote unaohusu mchezo huu unaanzia hapo.

Kuitengeneza nyika kuna maana ya mambo matatu. Kwanza, heza huchomwa moto kwa viraka wakati wa baridi, ili ndege wapate vichipukizi vichanga vya kula karibu na vichaka virefu vya kujificha. Pili, wanyama wanaokula mayai na vifaranga huuawa au hutegwa: mbweha, vicheche na kunguru. Tatu ni vita dhidi ya mnyoo mmoja mdogo sana.

Tangu karne ya 19 wenye nyika walishangaa kuona grausi wakijaa milimani kwa miaka kadhaa, kisha wakifa ghafla kwa maelfu. Iliundwa kamati ya uchunguzi, na mmoja wa watafiti wake alikuwa daktari na mchoraji aitwaye Edward Wilson. Alipasua grausi mmoja baada ya mwingine hadi chanzo kikaonekana: mnyoo anayeishi ndani ya utumbo. Ripoti ya kamati hiyo ilichapishwa mwaka 1911, lakini wakati huo Wilson alikuwa Antaktika. Alifia huko mwaka 1912 katika hema moja na Kapteni Robert Scott, wakirudi kutoka Ncha ya Kusini.

Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba ndege wakipewa dawa ya minyoo, mporomoko wa idadi yao hupungua sana. Dawa hiyo hupakwa kwenye changarawe. Grausi, kama kuku, humeza vijiwe ili visage chakula ndani ya firigisi, na walinzi wa nyika huweka visanduku vya changarawe yenye dawa huku na huko. Vijiwe hivyo vya firigisini vitarejea baadaye, katika habari ya bata.

Siku ya kuswaga

Kabla ya katikati ya karne ya 19 mwindaji alitembea kwa miguu nyuma ya mbwa wa kunusa, akapiga ndege mmoja mmoja wanaporuka. Uwindaji wa namna hiyo ungalipo, na wako wanaouona kuwa wa haki zaidi. Mambo mawili yaliubadilisha: bunduki inayojazwa kwa nyuma badala ya mdomoni, na reli. Malkia Victoria na mumewe Albert walikuwa wamekwisha kuipenda Scotland, na kasri ya Balmoral ilinunuliwa mwaka 1852. Matajiri wa London wakafuata kwa treni.

Hapo ndipo ulipostawi uwindaji wa kuswaga. Wawindaji wanane au tisa hupangwa mstari mmoja, kila mtu ndani ya maficho yake, ambayo ni ukuta mfupi wa mawe na udongo unaofika kifuani. Nafasi hupigiwa kura asubuhi, na baada ya kila mkupuo watu husogezwa ili bahati izunguke. Mbali mbele yao, waswagaji kwa makumi, wakiwemo wanafunzi walio likizoni na wanavijiji wake kwa waume, hutembea bega kwa bega wakipeperusha bendera. Wengine husimama pembeni kuzuia ndege wasitokomee kando.

Ndege huinuka makundi kwa makundi na kuja chini chini wakifuata mikunjo ya ardhi. Upepo ukiwa nyuma yao, mwendo wao unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Mwindaji ana sekunde chache tu, na nyuma yake huwapo mtu wa kumjazia bunduki ya pili. Pembe ikipulizwa, ni marufuku kupiga mbele kwa sababu waswagaji wamekaribia. Kuanzia hapo hupigwa nyuma tu. Hatari kubwa zaidi ni mtu anayemfuatisha ndege kwa mtutu hadi akaelekeza bunduki kwa wenzake, na kwa sababu hiyo fimbo huchomekwa pande mbili za maficho zimkumbushe mpaka wake.

Mkupuo ukiisha, mbwa huachiliwa kuokota mawindo, ambayo huhesabiwa kwa jozi.

Zamani hesabu hizo zilikuwa za kutisha. Tarehe 30 Agosti 1888, katika nyika ya Blubberhouses huko Yorkshire, Lord Walsingham aliua grausi 1,070 kwa siku moja, peke yake. Tarehe 12 Agosti 1915, huko Littledale na Abbeystead katika jimbo la Lancashire, watu wanane waliua ndege 2,929. Rekodi hiyo husimuliwa kwa fahari; ni nadra kukumbushwa kwamba wiki hiyo hiyo vijana wa Uingereza walikuwa wakifa kwa maelfu kwenye fukwe za Gallipoli.

Kasi ya ndege huyu imeacha alama nyingine isiyotarajiwa. Mwezi Novemba 1951, Sir Hugh Beaver, mkurugenzi wa kampuni ya bia ya Guinness, alikuwa akiwinda katika jimbo la Wexford nchini Ireland alipomkosa ndege mmoja wa fukweni mwenye mwendo mkali. Jioni ukazuka ubishi: je, ndege mwenye kasi zaidi kati ya wanaowindwa barani Ulaya ni yule au ni grausi? Hakikupatikana kitabu cha kuumaliza. Beaver akaamua kiandikwe, na toleo la kwanza la Kitabu cha Rekodi cha Guinness likatoka mwaka 1955.

Leo siku moja ya kuswaga katika nyika kubwa inaweza kuligharimu kundi la wawindaji makumi ya maelfu ya pauni. Grausi wa kwanza hukimbizwa hadi mikahawa ya London ili wawe mezani jioni ya siku hiyo hiyo. Ndege hao hufa kwa marisawa bila kuchinjwa, jambo ambalo Muislamu anayeishi Uingereza hana budi kulijua kabla ya kuagiza. Aidha, mwaka 2012 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza iliwashauri wanaokula mara kwa mara nyama ya ndege waliopigwa kwa marisawa ya risasi kupunguza, hususan watoto na wanawake wajawazito.

Mwindaji na jangili

Tarehe za msimu kwa England na Wales zimo katika sheria ya mwaka 1831. Scotland ilikuwa na yake tangu 1772. Sheria ya 1831 inakataza hadi leo kuua grausi siku ya Jumapili na siku ya Krismasi, na kwa hiyo mwaka 2018, tarehe 12 Agosti ilipoangukia Jumapili, wawindaji wa England walisubiri hadi kesho yake.

Kabla ya 1831, haki ya kuwinda ilikuwa ya wenye ardhi ya thamani maalumu. Maskini aliyemtega sungura usiku alihesabiwa mhalifu, na chini ya sheria ya 1828 aliyekamatwa mara ya tatu aliweza kuhamishiwa ng'ambo kutumikia kifungo. Mnyama yule yule, katika mlima ule ule, alikuwa mchezo kwa mmoja na jinai kwa mwingine. Nyika nyingi za Scotland zinazoonekana leo kama pori lisilo na watu zina magofu ya nyumba za wakulima walioondolewa kati ya mwisho wa karne ya 18 na katikati ya karne ya 19, kwanza ili kupisha kondoo.

Fikra hizo zilisafiri pamoja na maofisa wa ukoloni. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na leseni za uwindaji zikawa jambo la kawaida katika makoloni ya Afrika Mashariki. Mzungu mwenye leseni aliitwa mwanamichezo. Waliangulu wa nyuma ya pwani ya Kenya, waliowinda tembo kwa upinde na mshale wa sumu kwa vizazi, waliitwa majangili. Mwaka 1903 baadhi ya wawindaji mashuhuri waliunda chama cha kuhifadhi wanyama katika himaya, na wakosoaji wakawabandika jina la wachinjaji waliotubu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania imeendelea kuutoza ada.

Mwewe, moto na leseni

Anayelea grausi hampendi mwewe. Aina mbalimbali za mwewe na tai zinalindwa na sheria ya mwaka 1981, lakini ulinzi wa maandishi ni jambo moja na usalama milimani ni jambo jingine. Mwaka 2017 serikali ya Scotland ilichapisha uchunguzi wa tai wachanga 131 waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa satelaiti. Kiasi cha tai 41 kati yao walikuwa wametoweka katika mazingira ya kutia shaka, wengi wakiwa katika maeneo yanayotunzwa kwa ajili ya grausi. Kifaa kilichofanya kazi barabara jana, leo kilikuwa kimya, na mzoga haukuonekana.

Aliyeteseka zaidi ni mwewe mmoja wa nyikani mwenye mabawa marefu, ambaye hujenga kiota chini katikati ya heza na kuwalisha makinda wake vifaranga vya grausi. Mwaka 2016 England nzima ilibaki na jozi nne tu za mwewe huyo. Ilipohesabiwa tena mwaka 2023 zilikuwa zimefika 50. Wenye nyika huona hapo ushahidi wa kubadilika kwa tabia zao. Wapinzani wao husema nchi hiyo ina nafasi ya mamia.

Scotland haikungoja ubishi huo uishe. Machi 2024 bunge lake lilipitisha sheria inayomtaka kila anayeendesha uwindaji wa grausi kuwa na leseni, na leseni hiyo inaweza kusitishwa au kufutwa iwapo uhalifu dhidi ya ndege unahusishwa na ardhi yake. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yanavyosikika. Kumtia mtu hatiani kwa kumwekea tai sumu mlimani, pasipo shahidi, ni kazi ngumu mno. Kumnyima leseni hakuhitaji ushahidi wa kiwango kile kile. Huko England hakuna leseni kama hiyo.

Suala la moto nalo halijatulia. Chini ya heza nyingi mna tabaka nene la mboji iliyoloa maji, iliyorundikana kwa maelfu ya miaka na kuhifadhi kaboni nyingi. Mwaka 2021 England ilipiga marufuku kuchoma mimea juu ya mboji yenye kina cha zaidi ya sentimita 40 katika maeneo ya hifadhi bila kibali, na mwaka 2025 kipimo hicho kikashushwa hadi sentimita 30.

Haitakuwa haki kuwanyamazisha watetezi wa mchezo huu. Kati ya mwaka 2000 na 2008, katika jaribio lililofanyika Otterburn huko Northumberland, ndege wanaotaga chini walifanikiwa kulea vifaranga takriban mara tatu zaidi pale mbweha na kunguru walipodhibitiwa. Miongoni mwao alikuwemo sululu, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye jamaa zake huonekana wakichokora matope kwenye fukwe za Kenya na Tanzania na ambaye idadi yake Uingereza imeporomoka. Vijiji vya milimani pia havina ajira nyingi, na mshahara wa mlinzi wa nyika humweka mtu na familia yake mahali ambapo shule ingefungwa kwa kukosa watoto. Wapinzani hujibu kwamba mlima ungeweza kuajiri watu kwa njia nyingine. Hakuna upande unaoonekana kuuchoka ubishi huu, na bunge la Uingereza limeujadili kwa maombi ya wananchi mwaka 2016 na tena 2025.

Kabla ya alfajiri, matopeni

Mwindaji wa bata wa pwani hana waswagaji wala mtu wa kumjazia bunduki. Huamka saa tisa au saa kumi za usiku, akavaa viatu vya mpira vya kufika mapajani, akachukua mbwa wake na kutembea gizani hadi kwenye matope ya ghuba, kama vile Wash mashariki mwa England au Solway kwenye mpaka wa Scotland. Huko hujilaza ndani ya mfereji uliochimbwa na maji, akisubiri bata wapite kati ya mahali walipolala na mahali wanapokula. Mara nyingi hurudi na bata mmoja, au mikono mitupu.

Mwenye kukulia Lamu au Pemba angeelewa haraka hatari iliyopo. Maji ya bamvua hujaza mifereji kutoka nyuma kabla ya kuonekana mbele, na ukungu ukishuka mtu hupoteza upande wa nchi kavu. Jedwali la maji kujaa na kupwa, saa na dira si mapambo. Bamvua imo hata ndani ya sheria: bara msimu wa bata hufungwa tarehe 31 Januari, lakini chini ya alama ya maji makuu ya bamvua ya kawaida huendelea hadi tarehe 20 Februari.

Mchezo huu ni wa watu wa kipato cha kawaida, na vyama vyao vya wenyeji ndivyo hukodi fukwe. Chama chao cha kitaifa kiliasisiwa mwaka 1908. Kinyume na grausi, bata bukini wa mwituni kwa kawaida haruhusiwi kuuzwa. Aliyempiga humla au humpa jirani. Barafu ikikaza mfululizo kwa takriban wiki mbili, serikali inaweza kusimamisha uwindaji wote wa ndege wa majini, kwa kuwa ndege wenye njaa hawana nguvu ya kukimbia.

Septemba ni mwezi wa wageni kuwasili. Katikati yake hutokea bata bukini wenye miguu ya waridi kutoka Iceland na Greenland, na sauti zao husikika kabla hawajaonekana. Msimu wa baridi wa 2021 na 2022 ulikuwa mbaya kwa jamaa zao wa Solway, bata bukini wenye uso mweupe wanaotoka visiwa vya Svalbard na ambao hawawindwi. Mafua ya ndege aina ya H5N1 yaliwaua takriban theluthi moja.

Katika matope hayo ndimo alimopatikana mtetezi mkuu wa ndege wa majini. Kapteni Scott alipokuwa akifa kwa baridi mwaka 1912 alimwandikia mkewe amfundishe mtoto wao kupenda elimu ya viumbe. Mtoto huyo, Peter Scott, alikua akiwinda bata bukini kwa shauku kubwa, akawachora na kuwaandikia vitabu. Baadaye alisimulia jinsi ndege mmoja aliyejeruhiwa miguu alivyoangukia kwenye matope laini ambayo mtu hakuweza kuyafikia, na kesho yake akaonekana yungali hai pale pale. Scott hakuacha kuwinda siku hiyo, ila shaka haikumtoka tena. Mwaka 1946 alifungua huko Slimbridge, kando ya mto Severn, kituo cha kuhifadhi ndege wa majini, na hatimaye akaiweka bunduki chini kabisa. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la WWF. Septemba ya mwaka huo huo, mjini Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko lake la kuahidi kuwalinda wanyamapori wa Tanganyika.

Risasi ndani ya firigisi

Kwa Kiswahili neno risasi hutaja vyote viwili, kile kinachotoka bundukini na metali nzito ya kijivu inayotumiwa kukitengeneza. Kwa muda mrefu hapakuwa na haja ya kuvitenganisha. Sasa ipo.

Kila fataki ya bunduki ya ndege hubeba chembe nyingi za marisawa, na nyingi humkosa ndege na kuzama matopeni. Bata humeza vijiwe ili visage chakula, na chembe ya marisawa haina tofauti na kijiwe machoni pake. Firigisi huisaga, asidi ya tumbo huiyeyusha, na sumu huingia katika damu. Mabawa hulegea, ndege hukonda, kisha hufia vichakani asionekane na mtu. Watafiti wamekadiria kwamba kati ya ndege wa majini 50,000 na 100,000 hufa hivyo kila msimu wa baridi nchini Uingereza, bila hata mmoja wao kulengwa shabaha.

England ilipiga marufuku marisawa ya risasi dhidi ya ndege wa majini mwaka 1999. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zilifuata baadaye kwa sheria zao. Lakini watafiti waliponunua bata madukani nchini England na kuchunguza chembe zilizomo mwilini, walikuta kwamba asilimia 70 au zaidi walikuwa wameuawa kwa risasi ile ile iliyokatazwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010, na uchunguzi wa pili wa 2015 haukuwa bora. Chembe za chuma cha pua au za metali nyingine zipo, lakini zingine ni ghali, na chuma huhitaji mwindaji apige akiwa karibu zaidi. Mwaka 2020 vyama vya wawindaji vyenyewe viliahidi kuiacha risasi kwa hiari ndani ya miaka mitano. Ahadi haikutimia. Julai 2025 serikali ikatangaza kwamba risasi itaondolewa kwa sheria katika uwindaji wa aina karibu zote, kukiwa na kipindi cha miaka mitatu cha kujirekebisha. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuikataza katika ardhi zote oevu tangu Februari 2023.

Jambo hili si la Uingereza pekee. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia ulikubaliwa mjini The Hague mwaka 1995 na kuanza kutumika 1999. Uingereza, Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama, na mpango wake wa utekelezaji ulizitaka nchi zijitahidi kuondoa marisawa ya risasi katika ardhi oevu ifikapo mwaka 2000. Ni mkataba wa lazima, kwa sababu hakuna nchi inayommiliki ndege anayekula Urusi mwezi wa Julai na Naivasha mwezi wa Januari.

Wasafiri hao wanajulikana Afrika Mashariki. Bata mwenye mdomo mpana kama koleo na yule mwenye mkia uliochongoka, ambao wote wawili huwindwa Uingereza, hushukia pia kwenye maziwa ya Bonde la Ufa miezi ya baridi ya kaskazini. Yupo na mwingine, bata mdogo ambaye dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho. Huyu ni nadra sana Uingereza, analindwa kwa sheria, na karibu wote huwa wamekwisha kuondoka kuelekea Afrika kabla Septemba haijamalizika. Wale wa Uingereza hushika zaidi njia ya magharibi. Wenzao wa Ulaya Mashariki na Urusi ndio hufika Kenya na Tanzania.

Tatizo ni kwamba mwezi wa Septemba dume huwa hajarudisha manyoya yake ya fahari, na katika mwanga hafifu wa alfajiri hafahamiki kirahisi kutoka kwa bata mwingine mdogo ambaye kumpiga ni halali. Vyama vya wawindaji huwafundisha wanachama wapya kutazama paji la bawa, ambalo kwa msafiri huyu ni la kijivu-samawati, na asiye na uhakika hutakiwa ashushe bunduki. Ndege akipita salama, wiki chache baadaye huwa yuko kusini mwa Sahara.

Grausi kwa upande wake huwindwa hadi tarehe 10 Desemba, isipokuwa Ireland ya Kaskazini ambako msimu hukoma tarehe 30 Novemba. Waliobaki hukaa pale pale milimani, wakila heza chini ya theluji, na madume wakilinda mipaka waliyoanza kuigombea tangu majira ya mapukutiko.